KUSTAWI SI KUNYAKUA



Ndugu wanafunzi, wengi wetu asubuhi tuko shuleni na jioni tuko mkekani hapa madrasa. Kwa hiyo jambo moja hutufikia kwa lugha tatu. Leo tulipime jambo la kustawi.

Shuleni tunafundishwa neno thrive. Waingereza hawakulitunga wao. Walilipata kwa Waskandinavia, mabaharia walioivamia nchi yao kisha wakaweka makazi huko katika karne ya 9. Katika lugha ya watu hao asili yake ni kitenzi cha kukamata au kunyakua. Kikawa kujinyakulia, na mwisho wake kustawi. Mwingereza wa leo halikumbuki hilo tena, lakini mzizi ndio huo.

Neno letu limetoka katika Kiarabu, istawaa, yaani kusimama sawasawa na kukomaa. Aliyefika mwisho wa Suratul Fat-h, aya ya 29, amekutana nalo katika mfano wa mmea ulioanza kwa chipukizi hata ukasimama imara juu ya shina lake. Na kila adhana mwadhini hutuita kwenye falah, yaani kufaulu. Mzizi wa neno hilo unahusu kupasua ardhi kwa kulima, ndiyo maana mkulima kwa Kiarabu huitwa fallaah.

Basi yako mawazo mawili: kunyakua na kulima. Sisi wa Nyasubi tunafuata lipi?

Tunauliza kwa sababu mji wetu wa Kahama umezungukwa na dhahabu. Ikisikika rashi mahali, wapo wenzetu wanaofunga juzuu na madaftari wakakimbilia kwenye maduara. Mmoja akirudi na pikipiki mpya, kumi humfuata. Wale waliorudi na kifua kibovu, au wasiorudi kabisa, hawahesabiwi.

Hatusemi kuchimba ni dhambi. Wengi wetu tumevishwa na kulishwa kwa jasho la mchimbaji, na hiyo ni riziki ya halali. Tunachosema ni kwamba dhahabu ikishatolewa haioti tena. Mgodi wa Buzwagi, hapa hapa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukaufikisha mwisho mwaka 2021. Miaka 12 tu! Mtoto aliyezaliwa siku ulipofunguliwa alikuwa bado hajamaliza kukua ulipofungwa.

Tazameni sasa mpunga wa wazee wetu. Unaanzia kitaluni, unahamishiwa kwenye majaruba, unapaliliwa, unangojewa. Hakuna anayeuvuta ili urefuke upesi. Lakini ukivunwa, mbegu ya mwakani imo ndani yake.

Elimu ni mpunga, si dhahabu. Anayehifadhi aya mbili leo na kufanya hesabu tano usiku haonekani tajiri, lakini anasimamisha shina. Shina likisimama, hata akienda mgodini kesho ataingia akiwa fundi, mpimaji au mhasibu anayejua haki yake, wala hatakuwa mtu wa kubeba viroba tu.

Na kama ni lazima tunyakue, ndugu zetu, basi tunyakue wakati kabla haujatuponyoka.

Wabillahi tawfiq.