Dada wa suruali ya mikanda: mnamcheka bure, ila naye kuna kitu kakosa

Kuna dada mmoja maarufu mjini, jina kapuni, katupia suruali nyeusi yenye mkanda unaounganisha goti na goti, zipu inayopita chini mpaka nyuma, na kitambaa kinachoning'inia makalioni kama kitaulo. Watu wamemcheka balaa. Mmoja kasema fundi kala hela akaacha kazi nusu.

Kumbe wala haijakosewa. Kila kitu pale kimewekwa makusudi.

Mshono huo ulitoka London mwaka 1976, kwenye duka la Vivienne Westwood na Malcolm McLaren, namba 430 King's Road. Westwood alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia kwenye nguo. Duka lilishabadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka huo likaitwa Seditionaries. Pini za kufungia nepi, minyororo, fulana zilizochanwa, drafti za Uskoti: yote hayo yalikuwa ni kuwaambia wakubwa kwamba vijana wamechoka kupangiwa maisha. Ule mkanda wa magotini ndio unaosema zaidi: mtu kafungwa, lakini anatembea.

Sasa dada naye aambiwe ukweli. Bei za duka lile zilikuwa kubwa tangu enzi hizo, na vijana wengi wa punk hawakuzimudu. Walichukua shati kuukuu nyumbani, wakalichana, wakalishikiza kwa pini, wakaingia nalo mtaani. Heshima ya punk ilijengwa hapo, siyo kwenye risiti. Ndiyo maana mwaka 2016 Joe Corré, mtoto wa Westwood na McLaren, alipanda boti kwenye mto Thames akachoma moto mkusanyiko wake wa vitu vya punk, ambao mwenyewe aliuthamini kwa pauni milioni 5. Alichukizwa kuona uasi umegeuzwa biashara.

Kwa hiyo kumcheka dada ni ushamba, lakini kuringia lebo tu nako ni ushamba, tofauti ni bei. Anayetaka punk ya kweli hana haja ya kuagiza London. Aende mitumbani achague jinzi iliyochoka, anunue zipu na pini, akae na fundi wa mtaani amweleze anachotaka. Akitoka na nguo ambayo hakuna mwingine anayo, hapo kavaa punk.

Wachekaji watacheka tu. Wale wa London nao walichekwa.

Wadau, mnalionaje hili?