Usiliguse Gurudumu la Dripu



Mwaka jana nilikuwa kituo cha afya nikimwuguza mtoto wa dada yangu. Kitanda cha pili alilala mtoto mwingine, naye ametundikiwa dripu. Jioni baba yake aliitazama chupa, akasema, "Maji haya yanakwenda polepole mno. Basi litatuacha." Akanyosha mkono, akalifungua gurudumu. Maji yakaanza kumiminika.

Bibi mmoja akapiga kelele: "Mwanangu, acha! Mwite nesi!" Nesi alikuja mbio, akalifunga.

Baba yule hakuwa mtu mbaya. Wengi wetu tunadhani maji ya dripu ni kama uji. Yakiingia upesi, mgonjwa atapata nguvu upesi. Sivyo.

Itazame dripu. Maji hushuka kwa sababu chupa imetundikwa juu kuliko mkono wa mgonjwa. Chini ya chupa kuna kikopo kinachoonyesha ndani. Humo matone huanguka moja moja. Halafu mrija hupita katika gurudumu dogo. Gurudumu likiubana mrija, matone hupungua. Nesi hutazama saa yake, akahesabu matone ya dakika moja.

Hesabu hiyo hata sisi wa kisomo tunaiweza. Katika mirija mingi ya watu wazima, matone 20 ni mililita 1. Basi chupa ya mililita 500 ina matone 10,000. Mganga akisema iishe kwa saa 4, yaani dakika 240, yataanguka matone kama 42 kila dakika. Uko pia mrija wa watoto wenye matone madogo. Huo, matone 60 ndiyo mililita 1. Kwa hiyo usilinganishe dripu ya mwanao na ya jirani.

Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 tu. Chupa moja ya mililita 500 ni zaidi ya nusu ya damu yake yote! Ikiingia kwa haraka, moyo huweza kuelemewa, na maji yakajaa mapafuni. Mtoto huhema kwa shida. Anaweza kufa.

Waganga nao walijifunza. Walichunguza watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji mengi kwa haraka, kama 10 au 11 walikufa katika siku 2 za kwanza. Katika kila 100 ambao hawakupewa hivyo, walikufa kama 7.

Yapo magonjwa yanayotaka maji ya haraka, kama kipindupindu. Hapo utamwona nesi mwenyewe akilifungua gurudumu.

Wewe unayeuguza, kazi yako ni kutazama. Mgonjwa akikunja mkono au akiulalia mrija, maji yanaweza kusimama. Mwambie aunyoshe mkono. Usiishushe chupa chini ya mkono, maana damu itarudi mrijani. Mkono ukivimba, mgonjwa akitetemeka au akihema upesi, au maji yakikaribia kwisha, mwite nesi, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yule alilikosa basi siku ile. Waliondoka siku ya tatu, mtoto akiwa mgongoni.