Vipuri vya mashine za boti vipatikane Kilwa

Mkazi wa Songo Songo, Kilwa Kisiwani au Songo Mnara huitegemea mashine ya boti kama mwenzake wa bara anavyoitegemea barabara. Mama mjamzito huvushwa kwayo, samaki hufikishwa sokoni kwayo, na mtumishi wa Serikali huenda kazini kwayo. Hivyo basi, shida ya kupata vipuri vya mfumo wa mafuta wa mashine hizo haifai kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao.

Mashine nyingi kuukuu za boti ni za mipigo miwili, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, kwa kawaida lita 50 kwa lita 1. Petroli ikilala muda mrefu ndani ya kabureta huacha utomvu unaoziba vijitundu vya jeti. Petroli iliyobebwa katika madumu huingiliwa na maji ya chumvi, nayo chumvi hula sindano ya kabureta. Utando wa mpira ulio ndani ya pampu ya mafuta hukakamaa na hatimaye hupasuka. Vitu hivi vyote hutosha katika kiganja kimoja, lakini kimoja kikikosekana, mashine nzima hugeuka mzigo.

Shida huzidi pale aina ya mashine inapoacha kutengenezwa. Mfano mzuri ni mashine za Kimarekani. Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, na jina lake pamoja na lile la Johnson yakaenea katika bahari zote za dunia. Kampuni iliyoyamiliki majina hayo ilifilisika mwaka 2000. Mwenye kuinunua aliacha kutengeneza Johnson mwaka 2007, na Evinrude mwaka 2020. Mwenye mashine kongwe ya namna hiyo leo hana budi kutafuta kipuri kwa namba iliyoandikwa kwenye kibati chake, na mara nyingi kukiagiza ng'ambo.

Asiyekuwa na uwezo huo hubuni. Hukata mpira wa ndani wa gurudumu akaufanya utando wa pampu. Mpira huo huvimba ukikutana na petroli, ukalegea na kuvujisha, na petroli inayovuja karibu na cheche za umeme ni moto. Mwenye gari kuukuu la Kimarekani likimzimikia Nangurukuru, atashuka na kusubiri kivulini mpaka msaada ufike. Abiria wa boti iliyozimika katikati ya Songo Songo na bara hawana mahali pa kushuka, na mkondo wa bahari ya pwani yetu, unaoelekea kaskazini, haumsubiri fundi.

Wapo watakaosema kwamba Dar es Salaam ina maduka, na kwamba tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 safari imekuwa nyepesi. Ni kweli, lakini nauli na siku za kusubiri huweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe. Tena, mafuriko ya Mei 2024 yalipoikata barabara wilayani Kilwa, tuliona jinsi kusini yote inavyoweza kutengwa. Ugavi unaotegemea njia moja si ugavi wa kuaminika.

Wapo pia watakaosema kuwa vipuri ni biashara, na Serikali isijiingize. Lakini mfanyabiashara hawezi kuweka rafuni kabureta za aina kumi ili auze moja kwa mwaka. Wavuvi wakiwa na mashine za aina mbili au tatu tu, duka litalipa lenyewe. Hapo ndipo Serikali inapohusika, kwa sababu yenyewe ni mnunuzi na mkopeshaji mkubwa.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila mashine inayonunuliwa kwa fedha za umma, ikiwa ni pamoja na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, itolewe pamoja na seti ya vipuri vya mafuta, na iwe ya aina ambayo wilaya imekwisha kuichagua. Pili, SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ishirikiane na VETA kuwafundisha vijana wa visiwani wenyewe kusafisha na kufufua kabureta. Tatu, bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023, itengewe karakana na stoo ya vipuri vya boti ndogo, isiwe ya meli kubwa peke yake.

Wenye boti nao wana wajibu. Wachuje petroli kwa kitambaa safi, waimalize iliyomo katika kabureta kabla ya kuilaza mashine, na wasiondoke pwani bila chujio la akiba, makasia na nanga.

Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikipita chini ya bahari hadi Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, kuzalisha umeme wa taifa. Taifa lililoweza kulaza bomba hilo haliwezi kushindwa kumfikishia mkazi wa kisiwa hicho hicho utando wa mpira ulio mdogo kuliko kiganja cha mtoto. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahusika wauzibe ufa huu mapema, kabla bahari haijatudai roho za watu.