Andikianeni kabla ya kuchimba msingi

Agosti 2017, Watanzania walipata habari kwamba ndege mpya ya serikali, Bombardier Q400, imezuiwa Canada. Aliyeizuia alikuwa mjenzi wa barabara. Kampuni ya Stirling Civil Engineering ilikuwa ikidai takriban dola milioni 38 kutokana na mkataba wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo uliovunjwa miaka mingi nyuma. Ilishinda mbele ya wasuluhishi, haikulipwa, riba ikapanda. Ndege ilitua nchini Aprili 2018.

Fundi mwashi wa Moa, kule Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, hana ndege ya kuzuia. Akidhulumiwa, silaha yake ni kukusanya mwiko na pimamaji na kuondoka, boma libaki linanyeshewa. Mwenye nyumba naye akidhulumiwa, humsaka fundi aliyechukua advansi akazima simu.

Ugomvi wenyewe mara nyingi huanza na jambo dogo. Wamepatana kwa mdomo: msingi bei yake, ukuta hadi linta bei yake, kupaua bei yake. Ukuta ukifika kiunoni, mwenye nyumba anataka choo kiingie ndani. Au nondo zinachelewa wiki mbili, na vijana wa saidia fundi wanakula kila siku. Kazi ya ziada ni ya nani? Siku zilizopotea analipa nani? Hapo kila mtu ana kumbukumbu yake.

Sheria haijamtupa fundi. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata mapatano ya mdomo ni mkataba. Kifungu cha 70 kinamtaka anayefaidi kazi ambayo hakufanyiwa kwa hisani ailipie. Dai la mkataba lina miaka 6 kabla ya kupitwa na wakati. Kinachokosekana mbele ya hakimu ni ushahidi, na ndiyo maana wengi hukimbilia polisi wakitaka mdaiwa awekwe ndani, ilhali deni ni shauri la madai.

Wakubwa wana njia zao. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, husaidia kusuluhisha migogoro ya wakandarasi na wateja wao. Mnyonge ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria na kutaka wasio na uwezo wahudumiwe bure. Shida ni kwamba watu huwatafuta maji yakiwa shingoni. Msaidizi wa kisheria anafaa zaidi siku ya kupatana bei, anapoweza kuuliza maswali ambayo fundi na mwenye nyumba wanaoneana haya kuulizana.

Wapo watakaosema kuandikiana na jirani au shemeji ni kutoaminiana. Kwa watu wa pwani hoja hiyo haina mashiko. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Aliyesoma madrasa ameipitia.

Karatasi moja inatosha: kazi gani, hatua ngapi na malipo ya kila hatua, nani ananunua saruji na mabati, kazi ya ziada isianze bila saini, kiasi gani kinabaki hadi nyumba ipitiwe na masika, na nani atawasuluhisha kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Mashahidi wawili, nakala mbili.

Halmashauri ya Mkinga inaweza kuchapa fomu ya namna hiyo kwa Kiswahili na kuiweka katika ofisi ya kila mtendaji wa kijiji, pamoja na namba ya simu ya msaidizi wa kisheria wa karibu. Ianze na miradi yake yenyewe, kwa mafundi wa mtaani wanaojenga madarasa na zahanati za umma.