Siku 11 kati ya nyumba mbili



Mwezi wa Agosti mwaka jana niliandika ujumbe ambao baadaye nilitamani kuufuta, lakini ulikuwa umeshasomwa. Nilimwandikia dada yangu mkubwa hivi: "Mama anahesabu siku, ninyi mnapiga picha." Leo naomba nieleze kilichonifanya niuandike, na kwa nini sasa naona kwamba katika jambo lile familia yetu ilikosea, mimi nikiwa mstari wa mbele. Dada na shemeji wamesoma makala haya na wameniruhusu niyatoe.

Dada yangu ni muuguzi. Yeye na mumewe waliishi Uingereza miaka 9. Walipoamua kurudi kuishi nyumbani Kilimanjaro, walifanya kile anachofanya kila anayehama. Waliuza kitanda na makochi, wakafunga vyombo kwenye mapipa na maboksi, wakavipakia kwenye kontena linalochangiwa na watu wengi, nalo likaanza safari ya wiki kadhaa baharini kuja Dar es Salaam. Tarehe 3 wakakabidhi funguo za nyumba waliyopanga. Mama akapigiwa simu: "Nyumba tumekabidhi, tunakuja." Kwa hesabu za mama, aliyefunga nyumba leo, kesho yuko uwanja wa ndege. Akapaka rangi chumba chao, akatenga mbuzi, akaanza kutega sikio kila gari lilipopunguza mwendo karibu na geti.

Siku ya sita picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, sijui ilipitia kwa nani. Dada na shemeji wamekaa kwenye ngazi za mawe, wamevaa kofia za jua, wanacheka. Walikuwa Uturuki. Ndege yao ilipitia Istanbul, nao badala ya kuunganisha safari siku hiyohiyo, walikuwa wamepanga kubaki huko mpaka tarehe 14. Wakaenda Izmir, wakaenda Efeso. Hawakumwambia mtu yeyote.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Mjomba aliandika kwamba watu wakizoea Ulaya husahau walikotoka. Shangazi akauliza fedha hizo zingeezeka vyumba vingapi. Mimi, frateri wa familia, niliyetazamiwa kutuliza watu, nikaandika maneno yale.

Dada hakujibu kwenye kundi. Alinitumia ujumbe wa sauti, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: "Mdogo wangu, miaka 9 mimi nimefanya zamu za usiku, shemeji yako za mchana. Tumekuwa tukipishana mlangoni, huyu anaingia, huyu anatoka. Nilitaka nikae na mume wangu siku chache kabla hatujafika kwenu. Tukishafika tutakuwa wa kila mtu."

Nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa Maadili. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu tendo jema na nia njema, lakini sikuwa na jibu la kumpa.

Maoni yangu leo ni haya: wanandoa wanaohama nchi wana haki ya kupumzika njiani, wawili peke yao, na haki hiyo haiwapunguzii wazazi heshima yao. Kosa la dada na shemeji lilikuwa kuficha. Kosa letu lilikuwa kuwafanya waone kwamba hawana njia nyingine ila kuficha.

Nianze na haki hiyo. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anatumwa kutoka Ninawi kwenda Media kufuata fedha za baba yake. Njiani, huko Ekbatana, anamwoa Sara, na mkwewe Ragueli anaapa kwamba hataondoka kabla ya siku 14 za karamu. Wakati huohuo, Ninawi, mzee Tobiti anahesabu siku za kwenda na za kurudi. Ana, mama yake Tobia, anaamini mwanawe amekufa, na kila siku anatoka kuitazama njia. Maandiko yameweka mambo haya mawili jirani, karamu kule na machozi huku, na hayamlaumu Tobia kwa kukaa na mkewe, wala hayamlaumu Ana kwa kulia. Siku 14 zinapotimia, Tobia anaomba ruhusa aondoke kwa sababu anajua wazazi wake wamekata tamaa. Alisherehekea, kisha akarudi, na akafika na mke wake. Ndoa yake haikuishia Ekbatana kwenye karamu, wala haikuanzia Ninawi kwenye majukumu.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, inaagiza kwamba aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asipewe shughuli yoyote, bali akae nyumbani kwake mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Dada yangu alisafiri miezi miwili baada ya harusi, na mumewe akamfuata baadaye. Fungate hawakuwahi kuipata. Kama Torati ilimpa askari mwaka mzima, siku 11 si nyingi kwa watu waliosubiri miaka 9.

Halafu kuna jambo la kuhama kwenyewe. Mtu aliyekabidhi funguo za nyumba moja na hajapokea za nyumba nyingine yuko katika hali ya pekee. Hata forodha wanalijua hilo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamtambua mtu anayehamisha makazi, na kwa masharti fulani inamsamehe ushuru wa vyombo vyake vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia. Serikali inamtofautisha na mfanyabiashara. Sisi wa nyumbani hatuna jina la hali hiyo. Kwetu mtu yuko huko au yuko hapa, na akiwa katikati tunadhani amepotea. Lakini Waisraeli walipokuwa katikati, wametoka Misri na hawajafika Kanaani, walipiga kambi Elimu penye chemchemi 12 na mitende 70 (Kut 15:27). Safari ilikuwa bado ndefu, nao wakakaa penye maji.

Wengine watasema frateri anatetea starehe. Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kulijibu hilo vizuri kuliko mimi. Katika Summa Theologiae, anapouliza kama kuna fadhila katika kucheza na kujiburudisha, anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde atupe mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akamwambia kuwa akili ya mtu nayo huvunjika isipolegezwa. Mahali pengine Thomas anafundisha kwamba uvivu wa roho unapingana na amri ya kuitakasa Sabato. Josef Pieper, mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake Muße und Kult cha mwaka 1948: mtu asiyeweza kutulia anaweza kuwa mvivu wa ndani hata kama anafanya kazi usiku na mchana, kwa kuwa anajikimbia.

Mapokeo yanasema Yohane huyo alizikwa Efeso, na magofu ya kanisa lililojengwa juu ya kaburi lake bado yapo. Ngazi za mawe tulizoziona kwenye picha zilikuwa hapo. Dada aliniambia walikaa pale mchana kutwa, bila zamu ya kuwahi wala simu ya kazini. Ndipo shemeji alipomsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia. Baba yake alipofariki miaka minne kabla, karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, hakuweza kuja kuzika. Siku ya mazishi alikwenda kazini kama kawaida, akajifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kupanga mizigo. Dada alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Jioni walipopishana mlangoni, alimuuliza hali yake, naye akasema ni nzuri tu.

Miaka minne mtu amelala kitanda kimoja na mkewe akiwa na msiba huo kifuani. Namuuliza shangazi, kwa heshima zote: bati gani lingefunika hilo?

Sasa nije kwetu. Kwa nini walificha? Nimejiuliza sana, na jibu halinipendezi. Kabla hawajafunga mizigo, sisi tulikuwa tumeshafunga orodha. Kulikuwa na ada ya binamu, paa la shangazi, mchango wa harusi mbili. Mimi mwenyewe, ninayejiandaa kuhubiri ufukara wa kiinjili, nilikuwa nimeagiza kompyuta mpakato, na nilipoiona picha ile, wazo la kwanza halikuwa machozi ya mama. Nilifikiri kwamba fedha zinaliwa na kompyuta yangu iko hatarini. Mama nilimtanguliza baadaye, ili hasira yangu ipate nguo nzuri. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunawasubiri uwanja wa ndege na jembe mkononi.

Hata hivyo sitawasafisha kabisa. Mama hakuwa kwenye orodha. Hakuomba bati wala ada, aliomba watu wake wafike salama. Siku tano hakujua kama wako hewani, hospitalini au mahabusu, na usiku alikuwa anasali rozari akiniuliza kwa simu kama nimesikia lolote. Tobia hakuwa na simu. Dada alikuwa na simu. Amri ya nne haiwanyimi wanandoa mapumziko, lakini inawadai neno moja la kweli: tuko mahali fulani, tutafika siku fulani.

Najua pia kwamba wengi wetu hatutafika Efeso kamwe. Sisemi kila anayehama apande ndege kwenda kutazama magofu. Mwalimu anayehamishwa kutoka Kigoma kwenda Same naye ni mhamiaji, na mara nyingi hushuka kwenye lori la mizigo Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi yuko darasani. Wapo wanandoa katika parokia zetu ambao mume yuko Dar es Salaam na mke yuko Moshi, na siku mume anaporudi nyumba inajaa wageni mpaka anapoondoka. Kwao Efeso inaweza kuwa siku mbili ambazo hakuna anayebisha hodi. Ndugu wanaweza kuwapa hizo. Jumuiya ndogondogo inaweza kuahirisha hata ziara ya kuwapokea, ije wiki ya pili. Nasi tutakaoandaa watu kwa ndoa siku moja, Mungu akipenda, tusiishie kuwafundisha kuvumiliana. Tuwaulize pia ni lini mara ya mwisho walikaa pamoja bila kazi.

Walifika tarehe 14. Nilipata ruhusa ya siku mbili nikaenda kuwapokea, na pale uwanjani nikamwomba dada msamaha. Akacheka, akasema, "Frateri, kwanza beba begi." Nyumbani mama aliwakumbatia wote wawili kwa muda mrefu, kisha akanyamaza jioni nzima. Baada ya chakula dada akamtolea chupa ndogo ya maji waliyochota katika chemchemi iliyo kwenye Nyumba ya Bikira Maria, mlimani juu ya Efeso, ambako mapokeo yanasema Mama yetu aliishi na Yohane baada ya kuhama nchi yake. Mapapa Paulo VI, Yohane Paulo II na Benedikto XVI wote walikwenda kusali pale. Mama akaishika ile chupa kwa mikono miwili. Akaomba aonyeshwe picha, zote, hata zile za kofia.

Alipomaliza akamrudishia dada simu na kusema, "Mngeniambia tu, mwanangu. Ningehesabu vizuri."

Mwandishi ni frateri, mwaka wa pili wa Falsafa.