Kabla ya Kulipa, Uliza Mota Iko Wapi

Wasee, nitasema hii na mtu akasirike: ukienda kununua kamera, wacha kuuliza megapikseli. Uliza mota ya fokasi iko wapi.

Nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa nimeacha chuo, pesa yangu yote ikaingia kwa Nikon D5300 ya mtumba. Asubuhi ya harusi yangu ya kwanza ya kulipwa, nikachukua lenzi ya 50mm f/1.8D Kisii mjini, nikapanda matatu ya Nyamira bila kuijaribu. Bibi harusi akaingia kanisani, vigelegele kila upande, mimi nabonyeza, lenzi imenyamaza tu. Haisongi. Picha zote za kuingia zilitoka ukungu. Baadaye mamake akaniuliza, "Mwanangu, hata moja?" Sikuwa na jibu.

Kumbe lenzi haikuwa mbovu. Hizo za D hazina mota ndani. Mota hukaa kwenye bodi, inazungusha skrubu ndogo pale lenzi inaposhikana na kamera. D90 na D7000 ziko nayo. Familia ya D3000 na ya D5000 hazina. Hata ukihamia Nikon Z, adapta ya FTZ haina mota, kwa hivyo lenzi ya D utaifokasi kwa mkono. Canon walikata hii stori 1987 walipoleta EOS: kila lenzi ya otofokasi inabeba mota yake.

Lakini usidanganyike kwamba mota ndani ya lenzi ni kasi moja kwa moja. Canon 85mm f/1.2L II ni ghali, iko na mota ya USM, na bado inajulikana kwa upole, kwa sababu mota inasukuma vioo vizito. Na kanisa likiwa giza, hata mota kali itaenda mbele na nyuma ikitafuta, kwa sababu bodi haioni vizuri.

Kwa hivyo msimamo wangu: kama doh ni kidogo, nunua bodi ya kawaida na lenzi yenye mota. Nikon, tafuta 50mm f/1.8G. Canon, 50mm f/1.8 STM ya 2015. Halafu ijaribu hapo hapo dukani, kwenye kona yenye giza, kabla hujatuma M-Pesa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kamera utauza ununue ingine. Yule mama hataona tena binti yake akiingia.