Mzee apewe kadi ya bima, si barua ya umaskini

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mzee wa Majengo hapa Songea bado anaanzia kwa mtendaji wa mtaa, kuthibitisha kwamba hana kitu. Akishapata kitambulisho anapita dirisha la wazee, daktari anamwona bila malipo, na mara nyingi bure yenyewe inaishia hapo: dawa ya presha imeandikwa, dawa haipo, kanunue duka la dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imetupa nafasi ya kulimaliza jambo hili. Serikali imlipie mchango kila mzee asiye na bima, kwa sababu ya umri wake tu, bila kumpima umaskini.

Wahudumu hawana roho mbaya. Tatizo ni hesabu. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, hospitali na vituo vimezoea kununua dawa kwa fedha za papo kwa papo, na baadaye kwa malipo ya bima. Mwenye kadi akitibiwa, kituo kinadai na kulipwa. Mzee wa msamaha anaondoka na dawa, lakini hakuna anayerudisha gharama yake. Kadiri kituo kinavyopokea wazee wengi ndivyo kabati la dawa linavyokauka, na presha na kisukari si malaria: dawa yake ni ya kila siku, maisha yote. Mpe mzee yuleyule kadi iliyolipiwa, na kuja kwake kutakiingizia kituo fedha badala ya kukimaliza.

Wapo wanaouliza kwa nini tajiri mwenye mvi alipiwe na serikali. Swali ni halali, ila linawasahau watumishi wa umma wastaafu, ambao pamoja na wenza wao tayari wanahudumiwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) bila kuendelea kuchangia. Waliobaki nje kwa sehemu kubwa ni wakulima wa mahindi, mafundi na wachuuzi, watu ambao hawajawahi kushika hati ya mshahara. Kati yao maskini ni yupi? Mwenye ekari mbili na nyumba ya matofali haonekani maskini machoni pa mtendaji, mpaka siku anapopewa rufaa ya Muhimbili. Kamati za kuwachuja zina gharama zake, na zina upendeleo wake pia, tusidanganyane. Zanzibar ilikwepa mtego huo Aprili 2016 ilipoanzisha pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi: ukifika miaka 70 unalipwa, basi.

Pingamizi la fedha ndilo zito. Wazee ni ghali kuwatibu, ndiyo maana vifurushi vya hiari vya NHIF vya mwaka 2019 vilimtoza wa miaka 60 zaidi ya kijana. Lakini bima inayomkwepa anayeugua zaidi ina kazi gani? Kati ya watu milioni 61.7 waliohesabiwa mwaka 2022, waliofikisha miaka 60 ni zaidi ya milioni 3, na sheria yenyewe imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, unaotegemea pamoja na mengine tozo za vinywaji baridi, pombe na michezo ya kubahatisha. Kama hazitoshi, tuanze na wenye miaka 70 kisha tushuke. Kumwacha mzee aingie kupitia kadi ya kaya ya watu sita hakutoshi: bibi wengi ndio wakuu wa kaya, wanalea wajukuu, na mchango wa kaya nzima unawasubiri wao. Wabunge wa Ruvuma na madiwani wa Songea wadai kigezo cha umri kiandikwe kwenye kanuni, na waulize kila mwaka ni wazee wangapi wa kata zao walioshika kadi.